Naomba ushauri: kulinganisha mauzo ya nje ya karatasi ya magazeti, Kanada na Ufini

mchoragrafu:
Wakuu, heshima kwenu. Nina thamani ya mauzo ya nje ya karatasi ya magazeti kwa nchi hizi mbili tangu 1990, zote kwa dola za Marekani. Nikizichora pamoja, Kanada iko juu huko, Ufini imelala chini haionekani kitu. Halafu kuna miaka thamani inapanda wakati magazeti yenyewe yanazidi kupungua. Nianzie wapi?

karani_wa_shehena:
Mkuu, thamani ni tani mara bei. Wewe unaangalia jibu bila kuona vilivyozidishwa. Ingia FAOSTAT, hifadhidata ya takwimu ya FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa), sehemu ya misitu, wanatoa tani na thamani tangu 1961. Kisha gawanya. Tuseme nchi imeuza tani milioni 1 kwa dola milioni 600, yaani dola 600 kwa tani. Mwaka unaofuata tani zinashuka hadi laki 8, bei inafika 800. Thamani sasa ni milioni 640! Utaandika biashara imekua, kumbe shehena imepungua kwa asilimia 20. Chora tani kwanza, bei ya wastani chini yake, thamani mwisho.

Bi Takwimu:
Naongezea. Data zikiwa kwa dola, ondoa mfumuko wa bei kwa kipimo kimoja cha Marekani, usichanganye cha Kanada na cha Ufini. Ili Ufini ionekane, kila nchi ipe 100 kwenye mwaka wa msingi, miaka mingine uipime kwa kulinganisha na huo. Na kumbuka euro ilivyoporomoka kati ya 1999 na 2000. Mauzo ya Ufini yaliyolipwa kwa euro yanaonekana madogo kwa dola hata kama hakuna tani iliyopungua.

mchoragrafu:
Asante dada. Nilikuwa nafikiria 2018 uwe mwaka wa msingi.

karani_wa_shehena:
2018 hapana kabisa. Marekani, mteja mkubwa wa Kanada, mwaka huo ilianza kutoza ushuru wa muda kwenye karatasi ya aina hiyo kutoka Kanada, mpaka Agosti tume yao ya biashara ya kimataifa ilipoukataa. Rudi nyuma, chukua wastani wa miaka mitatu iliyotulia.

Bi Takwimu:
Upande wa Ufini, usivute mstari wa mwelekeo kupita 2020. Mwisho wa mwaka huo kampuni ya karatasi ya UPM ilifunga Kaipola, kiwanda cha mwisho cha karatasi ya magazeti nchini humo. Weka alama hapo kwenye grafu na ueleze, maana msomaji atadhani ni soko tu limeanguka.

mzee_forodha:
Kijana, pia linganisha na data za waagizaji. Muuzaji huandika FOB, yaani thamani ya mzigo bila nauli na bima ya safari, mwagizaji mara nyingi CIF yenye nauli na bima, kwa hiyo pengo dogo lisikutishe.

karani_wa_shehena:
Mzee, shikamoo. Kwa Ufini sawa. Kwa Kanada na Marekani njia hiyo haina kazi, kwa sababu tangu 1990 Kanada inachukua takwimu za uagizaji za Marekani na kuzifanya ndizo zake za mauzo ya kule. Atakuwa analinganisha namba na nafsi yake.

mchoragrafu:
Kumbe! Basi nakagua Ufini tu kwa njia hiyo. Kesho naleta grafu ya tani.