Naomba ushauri: nilipe SHA (bima ya afya ya serikali ya Kenya) ya mwaka mzima au niweke akiba yangu?

Habari zenu. Nauza mitumba Kibuye hapa Kisumu, nina watoto wawili na mama mwenye presha. Enzi za NHIF, bima ya zamani kabla ya SHA, nilitoa shilingi 500 kwa mwezi, zikinishinda naruka. Tangu SHA ianze Oktoba 2024, sisi tusio na mshahara tunatakiwa kulipa ya mwaka kwa mpigo.

Ili wapange nitalipa ngapi, kwa simu niliulizwa paa la nyumba ni la nini, napikia nini, choo kikoje. Nikasema ukweli, hata friji mbovu ninayoitumia kama kabati ya unga nikaitaja. Ikatoka 610 kwa mwezi, yaani 7,320 kwa mwaka. Hiyo ni karibu nusu beli ya nguo za watoto!

Zahanati natibiwa bure kwa kujisajili tu, kwa hivyo hizi naona ni za kulazwa. Ila mwaka jana mdogo alilazwa siku nne na nimonia, nikauza stoki kwa hasara.

Mliolazwa kwa SHA, mliongeza ngapi mfukoni? Kuna aliyejaribu Lipa SHA Pole Pole, ule mkopo wa kulipia SHA kidogo kidogo? Mkopo huniogopesha. Na mama, nimlipie yake kwanza, yetu ingoje?