Babu yako kazikwa wapi? Huu usumbufu wa uraia Kigoma na Kagera umezidi

Wakuu, uzi huu ni wa hasira, asiyetaka apite.

Kijana kazaliwa Kasulu 2004, kasoma Kasulu, wazazi wake wamepiga kura Kasulu miaka yote. Anapeleka Fomu 1A ya NIDA, ile ya kuomba kitambulisho cha taifa, ina muhuri wa mtendaji wa kijiji, kaambatisha cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne. Akifika meza ya uhamiaji maswali yanaanza: babu mzaa baba kazaliwa wapi? Kazikwa wapi? Nyumbani mnaongea lugha gani? Pua inaangaliwa, urefu unaangaliwa. Mwenzake wa Dodoma, fomu hiyohiyo, muhuri huohuo, anatoka bila hata swali moja la kaburi.

Swali la babu lina mzizi wake, na ni vizuri kuujua usije ukababaika. Sheria ya Uraia ya 1995, Sura 357, kifungu cha 5, inasema aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano, 26 Aprili 1964, ni raia kwa kuzaliwa. Wanaoachwa nje ni wa aina mbili tu: mtoto ambaye wazazi wote si raia na baba yake ana kinga ya kibalozi, na mtoto wa adui aliyezaliwa eneo lililotekwa na adui. Babu hayumo. Lakini mezani sheria inasomwa kivingine: lazima mzazi mmoja awe raia. Haya, tukubali hesabu yao. Baba alizaliwa 1955, kwa hiyo inabidi ionekane alikuwa raia siku ya Uhuru, 9 Desemba 1961. Na siku hiyo kuzaliwa Tanganyika hakukutosha, ilitakiwa na mzazi wake mmoja awe amezaliwa Tanganyika. Hapo ndipo babu anafukuliwa. Babu wa miaka ya 1920, wakati hakuna aliyekuwa anaandikisha vizazi kijijini! Unadaiwa karatasi ambayo serikali yenyewe haikuwahi kuitoa.

Isitoshe, babu huyo alizaliwa kwenye mpaka wa juzi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Kigoma, Ngara, Rwanda na Burundi zilikuwa koloni moja la Mjerumani. Bugufi, ambayo leo iko Ngara, ilikuwa chini ya mwami, yaani mfalme, wa Burundi. Mwingereza naye akaigeuza Kigoma ghala la manamba, yaani vibarua wa mkataba, wa mkonge wa Tanga, kwa hiyo babu wa Kiha kuzikwa Korogwe au Muheza si ajabu hata kidogo. Sema hivyo mezani uone: "maelezo yanapingana".

Kipimo cha lugha ndicho kinachoudhi zaidi. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kila anayeishi kule anajua. "Bwakeye" ya asubuhi utaisikia Kasulu na utaisikia Makamba, Burundi. Sasa lafudhi inathibitisha nini? Hata majina ni mtego. Waha wengi huandika "bh". Karani asiye wa huko akiiacha hiyo "h", jina linasomeka kama la Bujumbura, na kuanzia hapo una majina mawili: la cheti cha kuzaliwa na la shule.

Faili nyingi hukwama kwa vitu vidogo vya namna hiyo, si kwa uraia. Mfano wilaya. Kakonko imemegwa kutoka Kibondo, Buhigwe kutoka Kasulu, Uvinza kutoka Kigoma Vijijini, zote 2012. Karatasi ya baba inasema Kibondo, ya mtoto inasema Kakonko, kijiji ni kilekile. Dirishani wanaona watu wawili wa sehemu mbili. Au kijiji alichozaliwa baba kilihamishwa kwenye Operesheni Vijiji na hakimo tena kwenye orodha yoyote. Serikali ilikihamisha, leo inauliza kiko wapi.

Kwa hiyo mnaojiandaa kwenda, fanyeni hivi. Kiapo kiandikwe kijiji, kata, wilaya ya zamani NA wilaya ya sasa, na kama kijiji kilihamishwa andika jina la kale na la sasa. Majina yakitofautiana hata herufi moja, malizeni kwanza hati ya kiapo ya majina, msisubiri kuulizwa. Wazee wa kushuhudia wawe wawili, wamzidi baba umri, na wao wenyewe wawe na namba ya NIDA. Mzee asiye na namba ushahidi wake unadharauliwa. Na karatasi za babu zipo, tatizo tunatafuta cheti cha kuzaliwa tu. Tafuteni stakabadhi za kodi ya kichwa, kadi ya TANU, na hasa daftari la ubatizo. Parokia za zamani kama Kabanga na Rulenge ziliandika jina la mbatizwa, wazazi na mwaka. Nakala yenye muhuri wa paroko inaweza kukata mabishano ambayo viapo vitano vimeshindwa. Wasio Wakristo mnabaki na stakabadhi na wazee, na hilo nalo ni uonevu.

Kubwa kuliko yote: ukiambiwa "subiri", omba sababu kwa maandishi, tarehe na jina la afisa. Faili likiwekwa pembeni bila barua, huna cha kukatia rufaa. Na hapo laini ya simu huna, pasipoti huna, maombi ya kazi serikalini huna.

Atakayesema "kama ni raia safi ana hofu gani" akumbuke 2001. Jenerali Ulimwengu, mbunge wa zamani, na Timothy Bandora, balozi, waliambiwa si raia. Balozi! Aliyetumwa kuiwakilisha nchi. Akumbuke pia kesi ya Anudo Ochieng Anudo. Alikwenda Babati 2012 kushughulikia ndoa yake, pasipoti ikachukuliwa, 2014 akafukuzwa kwenda Kenya, Kenya nao wakamrudisha, akabaki katikati ya mipaka pale Sirari. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilitoa hukumu 22 Machi 2018: alinyang'anywa uraia kiholela, na kwa kuwa serikali ndiyo iliyoupinga, mzigo wa kuthibitisha ulikuwa wa serikali. Pia iliagizwa sheria irekebishwe ili mtu wa namna hiyo aweze kwenda mahakamani. Novemba 2019 serikali ikaondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kufungua kesi kwenye mahakama hiyo.

Kwa hiyo anayejua wilaya ambako meza ya uhamiaji inatoa jibu la kukataliwa kwa barua, aitaje hapa chini pamoja na muda iliyochukua. Na wale wa "rudi kwenu Burundi" mnaojiandaa kuandika, jibuni kwanza: babu mzaa baba yenu kazaliwa wapi, na karatasi yake iko wapi?