Darubini za upasuaji wa macho: tung'ang'anie Zeiss?

Mkaazi wa Mkoani
Jamani, kila pakizungumzwa huduma za macho Unguja na Pemba, linatajwa jina moja: Zeiss. Ni kampuni ya tangu 1846, makao yake Oberkochen, Ujerumani, inatengeneza lenzi za kamera, darubini za upasuaji, hata vioo vya mashine za ASML, kampuni ya Uholanzi, za kutengenezea chipu za kompyuta. Ubora siupingi. Nauliza: kwa nini tusinunue darubini za bei nafuu, pesa inayobaki tuwapatie wazee wetu miwani? Na huyo Mjerumani katufanyia nini hapa hata tumuenzi hivyo?

Mtoto wa Kikwajuni
Hapo umenigusa. Nimezaliwa kwenye nyumba za Wajerumani, Kikwajuni. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nani alikuja kutujengea? Usitukane fadhila za watu.

Mpemba Halisi
Haya, tushafika Kikwajuni. Watu wana mtoto wa jicho, nyinyi mnahesabu fleti za Mjini.

Mzee wa Baraza
Mwanangu wa Kikwajuni, hao walikuwa Wajerumani wa Mashariki. Zeiss ilizaliwa Jena, mji wa huko huko Mashariki. Mwaka 1945 Wamarekani, kabla ya kumwachia Mrusi mji, waliwachukua wataalamu wakawapeleka magharibi. Ndiyo asili ya Oberkochen. Mrusi naye akabeba mitambo. Zikawa Zeiss mbili hadi Ujerumani ilipoungana, na zilishitakiana miaka kwa sababu ya jina.

Mtoto wa Kikwajuni
Mashariki, magharibi, nyumba zimesimama na watu wanalala ndani. Shikamoo mzee, lakini hilo halibadiliki.

Mwalimu wa Skuli
Na si kampuni ya tajiri mmoja. Ernst Abbe, mshirika wa Carl Zeiss mwanzilishi, aliunda wakfu 1889, na mpaka leo wakfu ndio mwenye mali. Mwaka 1900 wafanyakazi wa Jena walikuwa tayari na kazi ya saa nane kwa siku. Wangapi hapa wanapewa hizo?

Mkaazi wa Mkoani
Wakfu gani, Mwalimu, na hisa za Carl Zeiss Meditec zinauzwa sokoni Frankfurt? Hao wa vifaa tiba ndio tunaozungumza nao biashara.

Mwalimu wa Skuli
Zinauzwa baadhi tu. Sehemu kubwa inabaki kwa kampuni mama. Soma kabla ya kunikatalia.

Fundi Vifaa Tiba
Mnapigana na jina. Nilipofanya kazi, hospitali moja ilipewa darubini nzuri ya msaada. Globu ikaungua, ya akiba hakuna. Ikafunikwa nailoni kwenye chumba chenye unyevu, kiyoyozi kinazimwa kila jioni. Nilipofunua, kioo cha lenzi kilishaota ukungu, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, nao ukikaa unakula kioo. Nafuu au ghali, bila globu za akiba na mkataba wa matengenezo itafia hapo hapo.

Mpemba Halisi
Wallahi huyu ndiye kasema. Iandikwe kwenye zabuni: vipuri, mafunzo, na fundi akae Pemba, si wa kusubiri boti kutoka Unguja.

Mtoto wa Kikwajuni
Kwa nini akae Pemba? Hospitali ya Mnazi Mmoja, huku Unguja, ndiko kunakopelekwa wagonjwa.

Mpemba Halisi
Wanapelekwa kwa sababu huku hakuna kitu! Unadhani mama yangu anapenda kulala melini, jicho limefungwa bendeji?