Ukingo wa milimita 1 baada ya upasuaji wa titi: je, dada akatwe tena?

Swali
Shikamooni wakubwa. Dada yangu aliondolewa uvimbe titini bila titi lenyewe kutolewa, na jana tumepokea majibu ya patholojia: saratani vamizi (iliyokwisha kupenya nje ya mirija ya maziwa) ya sentimita 1.8, ukingo wa karibu zaidi, yaani umbali kati ya saratani na kingo ya nyama iliyotolewa, milimita 1. Shangazi zetu wanasema milimita moja ni kidogo mno, na wanamshinikiza atolewe titi lote. Usiku kucha hakupata usingizi. Je, wanasema kweli?

Jibu la 1
Mpe dada pole. Mimi ni wa maabara ya patholojia. Nyama iliyotolewa hutufikia ikiwa imeshonwa nyuzi mbili, mara nyingi ule mfupi ukionyesha upande wa juu na mrefu upande wa nje. Tunaipaka wino kwa nje, kila upande rangi yake, ndipo tunaikata vipande. Kwenye hadubini swali letu ni moja: je, seli za saratani zimeugusa wino? Kwa saratani vamizi inayofuatiwa na mionzi ya titi zima, mwongozo wa Marekani wa mwaka 2014, uliotokana na tafiti 33 zenye wagonjwa zaidi ya 28,000, unaridhika iwapo wino haukuguswa. Ukiguswa, hatari ya saratani kurudi katika titi lilelile huongezeka angalau maradufu. Usipoguswa, kuupanua ukingo hakuipunguzi hatari hiyo kwa kiasi cha maana.

Jibu la 2
Nakazia neno mionzi, kwa kuwa bila hiyo hesabu hiyo haisimami. Ukingo wa milimita 2 unaotajwa sana ni wa saratani ambayo bado imo ndani ya mirija ya maziwa tu, nayo si hali ya dada yako. Kuhusu kutoa titi lote, tafiti za madaktari wa upasuaji Fisher kule Marekani na Veronesi kule Italia ziliwafuatilia wanawake kwa miaka 20, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba waliobakiziwa titi na waliotolewa hawakupishana katika kuishi.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Nimeisoma ripoti upya, na ukurasa wa pili unasema wazi kwamba wino haukuguswa. Jumatatu tunakwenda kumwona daktari wa mionzi, na nimemwomba shangazi mkubwa tufuatane naye ayasikie haya kwa masikio yake.