Naomba ushauri, mjomba anataka kung'oa mikorosho apande bangi ya nyuzi

Wakuu habari za jioni, niko Tandahimba. Mjomba wangu mikorosho yake imezeeka, ugonjwa wa ubwiriunga (ukungu mweupe) unaipiga kila msimu hata akipuliza salfa, sasa kasikia Malawi wameruhusu toka 2020 kulima bangi ya dawa na ile ya nyuzi, basi hatulali. Anasema hempu, yaani hiyo bangi ya nyuzi, hailevyi, Marekani wameihalalisha 2018 mradi THC (kemikali inayolevya) isizidi asilimia 0.3, inatoa kamba, nguo, mpaka mafuta ya mbegu. Kusema ukweli hoja zake zina mashiko, ingekuwa kwa leseni hata mi ningepanga foleni, huku kusini tumeitegemea korosho mno.

Ila sheria yetu ya dawa za kulevya ya 2015 haina utani, kulima bangi unaweza kula miaka 30, na askari akikuta lile jani la vidole ataanza kupima THC saa ngapi?? Halafu mbegu kaahidiwa na jamaa wa Masasi, eti zitakuja ndani ya gunia la mbaazi 😅

Ni mkubwa kwangu, nikimpinga anasema nimesoma bure. Nimwambieje anielewe? Na mnaojua sheria, kuna njia halali ya kuomba hata kibali cha majaribio au ndo tubaki na ufuta tu?