Naandika riwaya ya Majimaji: je, niiache dawa ya maji ifanye kazi kweli?

Msimulizi wa Kusini (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Naandika riwaya inayofuata Vita vya Majimaji tangu Julai 1905, pamba ilipong'olewa Nandete katika vilima vya Matumbi, hadi njaa iliyoikumba nchi baada ya vita. Sehemu kubwa ni historia, lakini nimeichanganya na njozi. Katika sura ya saba wapiganaji, wakiamini dawa ya maji itawakinga na risasi, wanalijongelea boma la Wajerumani la Mahenge, Agosti 30, na risasi za bombomu (bunduki za rashasha) zinageuka matone ya maji kabla hazijagusa ngozi zao. Katika sura ya nane matone hayo yanarudi kuwa risasi.

Mhariri wangu ameipenda sana sura hiyo. Baba yangu mkubwa, mzee wa Kingoni, hakuipenda: nilipokuwa nikimsomea alinisimamisha, akaniuliza wale zaidi ya sitini walionyongwa Songea Februari 1906 nimewaweka wapi katika uchawi wangu. Sikuwa na jibu. Je, niiondoe sura hiyo, au ipo namna ya kuchanganya mambo haya mawili bila kuwavunjia heshima waliokufa? Naomba kuwasilisha.

Kalamu Kavu
Iondoe, mkuu, na sababu yangu si heshima tu. Maofisa wa Kijerumani walipenda sana kuieleza vita hii kuwa kazi ya waganga waliowadanganya washenzi, kwa maana maelezo hayo yaliwaepusha kuzungumzia mashamba ya pamba ya pamoja yaliyoanzishwa mwaka 1902, ambako watu walilazimishwa kulima chini ya usimamizi wa maakida na majumbe kwa malipo madogo mno, kiasi kwamba baadhi yao walikataa hata kuyapokea. Risasi zinazogeuka maji zitamvutia msomaji kuliko jembe, na hapo utakuwa umewasaidia maofisa wale kuandika kitabu chao.

Mzee wa Rufiji
Nampinga kidogo Kalamu Kavu, ingawa hoja yake ya pamba ni nzito. Mwanangu, njozi huna haja ya kuibuni, kwa sababu imo ndani ya ushahidi wenyewe. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee walioikumbuka vita, na waliyosimuliwa kuhusu Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyeigawa dawa hiyo, hayahitaji kutiwa chumvi: alipandwa na pepo Hongo, akaingia katika kidimbwi cha mto, ndugu zake wakamsubiri ukingoni na wengine wakazama kumtafuta bila kumwona, kisha kesho yake akatoka nguo zake zikiwa kavu. Msimulizi haombi aaminiwe, anaeleza tu. Nawe eleza hivyo hivyo.

Ningeandika pia dawa yenyewe kwa karibu, yaani maji, mafuta ya mbarika na punje za mtama, na namna mtu alivyonyunyiziwa, akapewa anywe na achukue kidogo kwenda nayo kwao. Mtu aliyekwisha kuona mafuta yale yakimeremeta juu ya bega la mwenzake hatashangaa kwamba walisonga mbele. Halafu usisahau kwamba Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti, wiki kadhaa kabla ya Mahenge. Wapiganaji wa sura yako ya saba walikuwa wakiitegemea dawa ambayo mwenyewe alikwisha kufa, na kwangu mimi hilo linatisha kuliko risasi inayogeuka tone.

Msomaji wa Usiku
Naongeza jambo moja kuhusu tarakimu, ambalo waandishi wengi hulidharau. Gabriel García Márquez alizaliwa Aracataca, Kolombia, mwaka 1927, na mwaka uliofuata jeshi liliwapiga risasi wafanyakazi wa mashamba ya ndizi waliogoma katika mji wa Ciénaga. Katika riwaya yake ya mwaka 1967 aliwapandisha maiti zaidi ya elfu tatu kwenye treni ndefu iliyoelekea baharini. Idadi ya kweli inabishaniwa hadi leo, na mwenyewe alikiri baadaye kwamba aliikuza kwa sababu treni ile ilihitaji kujaa. Hata hivyo watu walianza kuitaja elfu tatu kana kwamba imetoka katika kumbukumbu za serikali.

Sasa wewe unaandika kuhusu vita ambavyo makadirio ya Wajerumani yalikuwa waliokufa 75,000, huku wanahistoria wa baadaye wakizungumzia hadi 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mazao na ghala kuchomwa moto kwa makusudi. Mto unaweza kusema, nyoka anaweza kusema, lakini tarehe, majina na idadi ya wafu usiviguse.

Mjukuu wa Nkosi
Mimi ni mwenyeji wa Songea na naongea kwa ufupi. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani alikuja hapa kwetu akaomba msamaha, na mpaka leo ukoo wa Songea Mbano, nduna wa Wangoni aliyenyongwa mwaka ule wa 1906, unalitafuta fuvu la kichwa chake. Baba yako mkubwa hakuulizi habari za sanaa. Watafutie wale walionyongwa sura yao wenyewe, isiyo na muujiza wowote, kisha umsomee hiyo kwanza.

Msimulizi wa Kusini (mleta uzi)
Nashukuruni sana. Sura ya saba itabaki, ila matone yataonwa na kijana mmoja tu aliye mstari wa mbele, na msimulizi hatathibitisha wala kukanusha alichokiona. Songea ya Februari 1906 itapata sura yake kama alivyoshauri Mjukuu wa Nkosi, na shamba la pamba la Matumbi nalihamishia mwanzo kabisa wa kitabu. Swali lililobaki: mchapishaji anataka maelezo ya kutenganisha kweli na ubunifu. Niyaweke wapi?

Mzee wa Rufiji
Yaweke nyuma, kurasa mbili zatosha. Ebrahim Hussein alipochapisha tamthilia yake Kinjeketile, kuhusu vita hivi, mwaka 1969, utangulizi ulimtenga Kinjeketile wa jukwaani na yule wa historia, na ilifaa kwa tamthilia. Msomaji wa riwaya muache aingie kidimbwini kwanza.