Naombeni ushauri: lensi za sklera, nichukue au nisubiri?

Kipepeo_Mweupe: Wakuu, habari zenu. Nina keratokonasi, yaani konea (ule utando angavu wa mbele) ya jicho la kulia imechomoza. Taa moja naiona kama taa tano zenye mikia. Miwani nimebadilisha mpaka nimechoka. Nimeelekezwa lensi za sklera, zile kubwa. Aliyewahi kuvaa anisaidie: zinaumiza? Mtu anazoea? Usiku silali kwa mawazo.

Mzee_Kigoda: Pole mwanangu. Vijana mmezidisha simu. Mimi mpaka leo nasoma bila miwani. Kula karoti.

Nuru_ya_Jioni: Mzee wangu, shikamoo, ila karoti hazinyooshi konea. Kipepeo, mimi ninazivaa. Hazigusi konea, zinakaa kwenye weupe wa jicho, ndiyo maana haziumizi kama zile ngumu ndogo. Unaijaza salaini (maji safi ya chumvi) isiyo na vihifadhi mpaka pomoni, unainamisha uso utazame meza, unaipandisha mpaka iguse jicho. Kipovu cha hewa kikiingia, itoe urudie. Kutoa kuna kimpira cha kunyonya, kibandike pembeni, si katikati. Siku ya kwanza nilisoma herufi za chini kabisa kwenye chati, nikalia palepale kwenye kiti. Daktari amesema konea yako imetulia au bado inaendelea?

Kipepeo_Mweupe: Asante sana dada. Salaini ikiisha, maji ya bomba yanafaa?

Nuru_ya_Jioni: Usithubutu! Maji ya bomba yanaweza kuwa na akanthamiba, kijidudu kinachoshambulia konea, na tiba yake ni ya miezi. Na swali langu hujalijibu.

Baba_Mapacha: Shemeji yangu alipandikizwa konea kwa tatizo hilihili. Alikaa na nyuzi jichoni zaidi ya mwaka. Ndoa nayo ikavunjika, ila si kwa sababu ya macho. Hiyo nitaifungulia uzi wake hapa jukwaani.

Kipepeo_Mweupe: Haya. Inaendelea. Vipimo vinaonyesha inazidi kuwa nyembamba. Daktari alitaka nifanyiwe kroslinking, ile tiba ya kukaza konea, kwanza, lakini hela yangu inatosha kitu kimoja, na lensi nimeshalipia nusu. Naanza kazi mpya, nahitaji kusoma skrini. Kroslinking yenyewe wanasema hairudishi uwezo wa kuona. Sasa niitangulize ya nini?

Kachero_Mstaafu: Hii ni chai. Mwanzo ni jicho la kulia tu, sasa skrini haisomeki. La kushoto limekwenda wapi? Halafu lensi inajazwa maji kama kikombe! Kipepeo na Nuru ni mtu mmoja, anatafuta wateja.

Nuru_ya_Jioni: Ningekuwa muuzaji ningemuuliza kama konea imetulia? Maji hayo ndiyo yanayoziba mabonde ya konea, mwanga ukapita sawa. Na ugonjwa huu kwa kawaida hushika macho yote mawili, moja likitangulia.

Kipepeo_Mweupe: La kushoto nalo limeanza. Sikutaka kuandika kila kitu hapa.

Tabibu_Kijana: Kipepeo, lensi inakupa kuona, haizuii ugonjwa. Kroslinking ni matone ya riboflavini na miale ya urujuanimno, inakaza nyuzi za konea ili isiendelee kuchomoza. Matokeo ya kwanza kwa wagonjwa yalichapishwa 2003, kutoka Dresden, Ujerumani. Ukianza na lensi na konea ikaendelea kubadilika, lensi hiyo inaweza isikukae tena, na unene uliopotea haurudi. Tena konea ikiwa nyembamba mno, kroslinking ya kawaida haifai. Uliza leo kama lensi imeshachongwa. Na je, unafikicha macho?

Kipepeo_Mweupe: Usiku, ndiyo. Yanawasha sana.

Tabibu_Kijana: Mwambie daktari wako hilo, akupe dawa ya mzio. Kufikicha kunaizidishia konea udhaifu.

Kipepeo_Mweupe: Nitapiga simu. Kama haijachongwa nitaomba wasubiri. Kama imeshachongwa naichukua, kazi hainisubiri.

Nuru_ya_Jioni: Hata ukiichukua, tarehe ya kroslinking omba hukohuko kwenye simu.

Kachero_Mstaafu: Bado sijaamini. Ila kama ni kweli, mkono uondoe jichoni.